Shimo la samadi lililoachwa ni hatari kwa kisima

Kaya nyingi zinazofuga ng'ombe wa maziwa nyumbani zina shimo la samadi nyuma ya banda. Ng'ombe wakiuzwa, shimo hubaki. Wengine huliacha wazi, wengine hutupia udongo juu wakadhani yamekwisha.

Shimo likiwa linatumika, tope la kinyesi hutanda chini na kuziba vitundu vya udongo, hivyo uchafu huzama polepole. Likiachwa likakauka, tope hilo hupasuka nyufa. Hewa huingia, na vijidudu vya udongoni hugeuza amonia iliyomo kuwa naitreti, ambayo huyeyuka upesi. Mvua ikinyesha, huteremka nayo hadi kwenye maji ya kisima.

Katika fiqhi tumezoea kuyatazama maji kwa rangi, ladha na harufu. Naitreti haibadilishi hata kimoja. Lakini ukimkorogea maziwa ya unga mtoto wa chini ya miezi 6 kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Midomo na kucha huwa bluu, na asipowahishwa hospitali anaweza kufa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Na tusidanganyane kuhusu kuchemsha: kunaua vijidudu, lakini naitreti haitoki, bali hukolea zaidi maji yanapopungua. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu yu salama na hili.

Basi lifunge shimo wakati wa kiangazi. Toa samadi yote pamoja na lile tope jeusi la chini, ambalo wengi huliacha kwa uvivu. Itandaze shambani kwa kiasi, karibu na msimu wa kupanda, mbali na kisima na mto. Kisha jaza udongo wa mfinyanzi, shindilia, uinue kidogo ili maji yasituame, na upande majani ya tembo yafyonze mabaki.

Asiingie mtu shimoni. Samadi ya majimaji ikikorogwa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na mtu huanguka ghafla. Anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Tumieni ndoo na kamba mkiwa juu.

Kama shimo lilifukiwa zamani bila kusafishwa, peleka maji ya kisima maabara yakapimwe naitreti kabla ya kumpa mtoto mchanga.