Ubao wa Msonobari na Mashua ya Dola Laki Moja: Kufifia kwa Mchezo wa Kuteleza Majini

Katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, aliishi kijana mmoja aliyeitwa Ralph Samuelson. Kila majira ya baridi watu wa kwao waliteleza juu ya theluji wakiwa wamefunga mbao ndefu miguuni, naye akajiuliza kwa nini jambo hilo lisiwezekane juu ya maji wakati wa kiangazi. Ziwa Pepin, ambalo kwa hakika ni sehemu ya mto Mississippi iliyopanuka, lilikuwa mbele ya mji. Alijaribu kwanza mbao za mapipa, kisha zile mbao za theluji zenyewe, vyote vikazama. Ndipo alipochukua mbao mbili za msonobari zenye urefu wa futi 8, yaani karibu meta 2.4, na upana wa inchi 9, akachemsha ncha zake katika chungu cha shaba cha mama yake hadi zikalainika, akazikunja kwenda juu, akazibana na kuziacha zikauke. Kamba yake ilikuwa ya kuinulia madirisha, na mahali pa kushikia palikuwa ni pete ya chuma. Mashua iliendeshwa na kaka yake, Ben.

Tarehe 2 Julai 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, Samuelson alisimama juu ya maji. Siri aliyoigundua baada ya kuanguka mara nyingi ilikuwa ndogo: usiegemee mbele kama mtu anayeteremka mlima wa theluji, bali egemea nyuma, na ncha za mbao ziwe juu ya maji kabla mashua haijavuta.

Inafaa kuitazama siri hiyo kwa jicho la fizikia, maana ndani yake mna sababu ya gharama zote zilizofuata. Mtu mwenye mbao mbili nyembamba hawezi kuelea kwa kanuni ya Archimedes peke yake, kwa kuwa mbao hizo hazisukumi kando maji yenye uzito sawa na wake. Akisimama tuli atazama. Anapovutwa, ubao ulioinama kidogo huyapiga maji na kuyasukuma chini. Nayo maji, kwa kufuata kanuni ya tatu ya Newton, huusukuma ubao juu. Ndivyo kijiwe bapa kinachorushwa na mtoto ufukweni kinavyorukaruka mara nne au tano kabla ya kuzama: kinazama pale kasi inapokwisha. Kani hiyo ya kuinua hukua kwa kadiri ya eneo la ubao na kwa kadiri ya mraba wa kasi. Kasi ikipungua kuwa nusu, kani hupungua kuwa robo, na mtelezaji hana budi kuwa na ubao mpana zaidi au kuuinamisha zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi wa mchezo huu hupewa mbao mbili pana, fundi hutosheka na ubao mmoja mwembamba, na wale wanaoteleza kwa nyayo tupu, jambo lililoanza huko Florida katika miaka ya 1940, huhitaji mashua inayokwenda karibu kilometa 60 kwa saa au zaidi.

Sasa tuulize: kumvuta mtu huyo kunahitaji nguvu kiasi gani? Mwalimu anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Tuchukue mtelezaji wa kilo 75. Uzito wake ni kama nyutoni 750. Tukadirie kwamba kani ya kumvuta katika mstari ulionyooka ni theluthi moja ya uzito huo, yaani nyutoni 250. Kasi ya juu inayotumika katika mashindano ya kupinda kati ya maboya ni kilometa 58 kwa saa, ambayo ni karibu meta 16 kwa sekunde. Zidisha 250 kwa 16, utapata wati 4,000, sawa na nguvu za farasi tano na ushei. Ni kweli kwamba anapopinda nyuma ya boya mvuto hupanda mara kadhaa kwa muda mfupi, lakini hata hivyo hesabu yake haifiki mbali.

Lakini mashua inayotumika leo kwa kazi hiyo ina injini yenye nguvu za farasi 300 na zaidi. Karibu nguvu yote hiyo inatumika kuikokota mashua yenyewe, kuinyanyua ipande juu ya maji upesi, na kushikilia mwendo usiobadilika hata mtelezaji anapoivuta huku na huko. Injini ya petroli huunguza takriban theluthi moja ya lita kwa kila nguvu ya farasi katika saa moja. Ikiwa mashua inatumia nguvu za farasi 100 tu ili iende sawasawa, basi lita 30 hivi zimekwisha kwa saa, na juu ya maji yuko mtu mmoja tu anayeteleza. Wengine wamekaa wakingoja zamu. Katika Minnesota sheria yenyewe inataka pawe na mtu wa kumwangalia mtelezaji, au walau kioo, mbali na nahodha.

Gharama hii haikuonekana kuwa kitu katika miaka ya 1950. Wakati huo familia ya kipato cha kati huko Marekani iliweza kuwa na mashua nyepesi yenye injini ya kuning'inia tezi, ya nguvu za farasi 25 au 40. Mashua hiyo ilikwenda kuvua samaki asubuhi, ikavuta watoto mchana, na jioni ikawekwa juu ya gari la kukokota. Mtu hakununua mashua ya kutelezea. Alikuwa na mashua, na kuteleza kukawa faida juu yake. Huko Florida, bustani ya Cypress Gardens iliyofunguliwa na Dick Pope mwaka wa 1936 ilionyesha watelezaji waliopandiana mabegani na kufanya umbo la piramidi, na filamu fupi zilizopigwa hapo zikaupeleka mchezo katika kila mji. Tommy Bartlett alianza maonyesho yake mwaka wa 1952. Mwaka wa 1972 mchezo ulionyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, bila ya kuingizwa katika orodha ya medali. Lile lililosemwa mara nyingi dhidi yake lilikuwa ni injini: mashindano ya mwanadamu yasitegemee nguvu ya mashine.

Badiliko lilianza kwa jambo jema. Mtelezaji aliyebobea huchukia mawimbi yanayoachwa nyuma ya mashua, kwa kuwa anayavuka kila anapotoka boya moja kwenda jingine, na katika kasi ile tuta dogo la maji ni kama jiwe barabarani. Wasanifu wakaiondoa injini tezini wakaiweka katikati, ili tezi iwe nyepesi na isizame. Wakaweka mlingoti mfupi wa kufungia kamba karibu na kitovu cha uzito, ili mtelezaji asiyumbishe mashua. Wakachonga sehemu ya chini iwe karibu bapa. Ski Nautique ya kampuni ya Correct Craft, Florida, ilianza kutengenezwa na kampuni hiyo mwaka wa 1961, na MasterCraft ikafuata huko Tennessee mwaka wa 1968. Zilikuwa mashua bora kabisa kwa kazi moja. Kwa uvuvi hazikufaa, kwa bahari yenye mawimbi hazikufaa, na kwa safari ndefu hazikufaa. Mtu sasa alipaswa kununua chombo kizima kwa ajili ya mchezo, na hapo ndipo ulipofunguliwa mlango ambao haujafungwa tena.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka wa 1973, pipa likatoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12, na tena baada ya mwaka wa 1979 likapita dola 30, watu wengi waliona kwamba hiyo ndiyo iliyouumiza mchezo. Bila shaka iliuumiza, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Mafuta hupanda na kushuka. Bei ya mashua imekuwa ikipanda tu. Kuanzia mwaka wa 2010 sheria za Marekani za kulinda hewa ziliwalazimu watengenezaji kufunga vifaa vya kusafisha moshi katika injini za petroli za ndani ya mashua. Zikaongezeka kompyuta za kushikilia mwendo, maana katika mashindano tofauti ndogo ya kasi hubatilisha matokeo. Leo mashua mpya ya mashindano haipatikani kwa chini ya dola 100,000, na mara nyingi huzidi sana hapo, kabla ya bima, gari la kukokota, na banda la kuihifadhia wakati wa baridi. Hilo la banda si dogo: katika Minnesota maziwa huganda, na chombo cha bei hiyo hutumika miezi michache tu kila mwaka.

Sababu iliyo nzito kuliko zote, hata hivyo, ni wimbi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulizuka mchezo mwingine, weikibodi, ambamo mtu husimama kiubavu juu ya ubao mmoja mpana na kuruka hewani kutoka katika wimbi la mashua. Baadaye likaja lile la kuachilia kamba kabisa na kuteleza juu ya wimbi lenyewe nyuma ya tezi, kwa mwendo wa kilometa 16 hadi 19 kwa saa. Michezo hii inataka kinyume kabisa cha kile alichokitaka mtelezaji: inataka wimbi kubwa. Kwa hiyo mashua hutiwa farumi ya maji katika matangi, tani moja na zaidi, ili tezi izame, na huendeshwa polepole, katika mwendo ule ambao chombo bado kinalima maji badala ya kupanda juu yake.

Watu wakahamia huko kwa wingi, na sababu zao ni rahisi kuelewa. Anayeanguka katika mwendo wa kilometa 18 haumii. Anayeanguka katika 50 huhisi maji yamekuwa sakafu. Mashua pana hubeba watu 12 au 15 pamoja na muziki, na hakuna haja ya kuamka alfajiri kutafuta maji yaliyotulia. Watengenezaji nao waliifuata fedha. Hapa pana hesabu ya pili kwa ajili ya darasa: tuseme kwa mfano kwamba usanifu na kalibu za mashua mpya zinagharimu dola milioni moja. Zikiuzwa mashua 2,000, kila mnunuzi amebeba dola 500 za gharama hiyo. Zikiuzwa 200, amebeba 5,000. Wanunuzi wachache huifanya bei ipande, na bei iliyopanda huwapunguza tena wanunuzi. Mtelezaji wa kale amenaswa katika mzunguko huo.

Tena ananaswa mara ya pili ziwani. Nishati ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake, kwa hiyo wimbi lenye kimo mara mbili lina nishati mara nne. Watafiti wa maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota walipima jambo hili ziwani, na mwaka wa 2022 wakatoa matokeo: mashua ya mawimbi inapaswa kuwa zaidi ya futi 500 kutoka ufukweni, karibu meta 150, ili wimbi lake lishuke na kulingana na lile la mashua ya kawaida iliyo umbali wa futi 200. Wimbi hilo humomonyoa kingo na kutikisa gati. Jimbo la Vermont lilitunga kanuni mwaka wa 2024 zinazoitaka michezo hiyo ikae umbali huo wa futi 500 na katika kina cha futi 20. Kwa mtelezaji anayetaka maji kama kioo, mashua moja ya namna hiyo katika ziwa dogo yatosha kumharibia siku nzima.

Wenye uwezo wamejibu kwa kuchimba maziwa yao wenyewe. Katika Florida, Texas na California yako mabwawa marefu na membamba yaliyochimbwa kwa kazi hii tu, ambamo njia ya maboya ya meta 259 hukaa humo daima na nyumba za wanachama huzunguka kingo. Maji ni tulivu, na ufundi unaofanyika humo haujapata kuonekana: watelezaji bora hukata kona kwa kamba fupi kuliko meta 11.5 zilizopo kati ya boya na mstari wa katikati, hata mwili wenyewe unyooshwe ili kufidia meta inayokosekana. Ila hakuna mtoto anayepita ufukweni akaona. Zamani mchezo ulijitangaza wenyewe mbele ya kila aliyekwenda kuogelea. Sasa uko nyuma ya lango. Cypress Gardens ilifungwa moja kwa moja mwaka wa 2009, na maonyesho ya Tommy Bartlett yakafungwa mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona.

Iko njia moja ambayo iliirudisha hesabu ya nguvu mahali pake. Kufikia miaka ya 1960 mhandisi wa Kijerumani, Bruno Rixen, alikuwa amebuni mtambo wa waya unaozunguka juu ya bwawa kwa nguvu ya mota ya umeme, ukishikiliwa na nguzo ndefu, na kuvuta watelezaji kadhaa kwa wakati mmoja. Hakuna mashua ya kukokota, hakuna petroli inayounguzwa, wala hakuna wimbi la tezi; nguvu inayotumika inakaribia ile tuliyoikokotoa ubaoni, pamoja na msuguano wa mtambo. Mtu hulipia saa yake na kwenda zake. Ujerumani ina mitambo mingi ya namna hii, na mnamo mwaka wa 2011 kamati ya Olimpiki ilipoorodhesha michezo minane ya kufikiriwa kwa ajili ya mwaka wa 2020, mmoja wapo ulikuwa ule wa kuvutwa kwa waya. Haukuchaguliwa. Na uliopendekezwa ulikuwa weikibodi. Zile mbao mbili za Samuelson hazikutajwa katika orodha hiyo.