Mbambakofi: Mti Uliobeba Milango Yetu

Apitaye katika vichochoro vya Lamu au vya Mji wa Kale wa Mombasa hupita mbele ya milango iliyowaona wenye nyumba wakizaliwa na ikawasindikiza wakienda makaburini. Chokaa imebanduka kutani na paa limebadilishwa mara kadhaa, lakini mlango ungali papo na nakshi yake ingali yasomeka. Wengi humsifu fundi aliyechonga. Wachache huuliza ni mti gani uliostahimili jua, chumvi na mchwa kwa muda wote huo.

Milango mingine ni ya msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na mingine ni ya mvule. Lakini katika miti ya misitu ya pwani yetu wenyewe, uliopendwa mno na maseremala na mafundi wa vyombo ni mbambakofi, ambao ndugu zetu wengi wa Tanzania huuita mkongo. Wiki hii twaomba familia zetu ziujue mti huu, kwani tumeutumia sana, nao sasa umepungua mno.

Mbambakofi ni mti wa msitu wa nchi kavu, wenye kichwa kipana, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi. Gome lake hubanduka vipande vipande na kuacha mabaka ya mviringo shinani. Tunda lake ni ganda nene, gumu kama ubao. Likipasuka huonyesha mbegu nyeusi zing'aazo, kila moja na utando mwekundu upande mmoja, mfano wa mtu mweusi aliyevaa tarbushi. Watoto huziokota kuchezea, na mafundi wa mapambo huzitunga shanga.

Sifa yake kubwa imo ndani ya shina. Ubao wa nje, karibu na gome, ni wa rangi hafifu na haudumu. Ubao wa moyo ni wa kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, mzito, usioliwa na mchwa kwa urahisi. Sifa nyingine huthaminiwa zaidi na fundi: ukisha kukauka vizuri, haupindi wala haupasuki kwa urahisi hali ya hewa inapobadilika. Kwa mlango hilo ndilo jambo la kwanza. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazokutana katikati kwenye mfaa, na ubao mmoja ukivimba wakati wa masika mlango wote hukataa kufunga. Mbambakofi hukaa ulivyowekwa. Ubaya wake ni kuwa mgumu wa kuchongwa. Hufuta makali ya patasi na msumeno upesi, na vumbi lake huwasha pua na macho. Ndiyo maana mlango wa nakshi ulikuwa kazi ya miezi, na fundi aliyeumaliza aliheshimiwa mjini.

Baharini nako ulitumika. Katika vijiji vya waundaji vyombo, kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu, mbao zake hutafutwa kwa ajili ya jahazi na mashua kwa kuwa huvumilia maji ya chumvi. Nyumbani ulitoa vitanda, makasha, viti na mihimili. Misikitini ulitoa milango, madirisha, mimbari, na marufaa ya kuwekea Msahafu.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba mbao zina heshima yake katika historia ya dini yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa mimbari ya Mtume (s.a.w.) huko Madina ilitengenezwa na seremala kwa mti uliotoka kwenye kichaka jirani na mji. Imepokewa pia kuwa gogo la mtende alilokuwa akiliegemea hapo awali lililia kwa huzuni alipoliacha, naye akaenda akaliwekea mkono mpaka likatulia. Muumini aliyefunzwa kisa hiki hawezi kuuona mti kuwa kitu kisicho na haki yoyote juu yake.

Basi hali ya mbambakofi ikoje leo? Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika kaunti ya Kilifi, una takriban kilomita za mraba 420, nao ni kipande kikubwa kilichosalia cha msitu uliowahi kuifunika sehemu kubwa ya pwani hii. Humo mbambakofi ulikatwa kwa kuchaguliwa: yaliondoka kwanza mashina manene na yaliyonyooka, yaani yale yale ambayo yangetoa mbegu bora. Mti mwingine umebaki katika kaya za Mijikenda, ambazo wazee wake wamezilinda kwa miiko kwa karne nyingi, na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mwezi Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama na kuamua kuwa jamii yote ya mbambakofi wa Afrika iwe chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Uamuzi wa namna hiyo hautolewi kwa mti ulio tele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mti huu hukua polepole. Shina la kutoa ubao wa mlango huchukua muda unaozidi umri wa mpandaji. Msumeno wa mashine huuangusha kwa dakika chache. Mababu zetu walitumia shoka na tezo, na walikata kidogo kwa kuwa kazi ilikuwa nzito. Sisi tumeondolewa uzito wa kazi, bali hatukuongezewa miti.

Twaona mambo matatu ambayo yamo katika uwezo wa kila nyumba.

La kwanza ni kuutunza ubao uliopo. Mlango wa kale ukilegea, aitwe seremala aurekebishe, asiitwe mnunuzi. Wako wanaozunguka kwenye nyumba za mirathi, hasa baada ya msiba, wakitoa fedha taslimu kwa milango na fremu. Warithi wajue kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 imeutaja mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

La pili ni kuuliza asili ya mbao. Tunapojenga msikiti au nyumba, tumwulize muuzaji imetoka wapi na hati zake za Huduma ya Misitu zi wapi. Si vyema mimbari inayohutubiwa uadilifu iwe imetokana na mti ulioibwa usiku katika msitu wa umma. Palipo na kazi isiyohitaji mbambakofi, ipo miti mingine. Wachongaji wengi wa Mombasa na Malindi wamekwisha kuelekea mwarobaini na mwembe, miti ipandwayo mashambani na inayokua upesi.

La tatu ni kupanda. Mbegu ya mbambakofi huota bila taabu kubwa. Uondoe ule utando mwekundu, uiloweke usiku mmoja, uipande katika mfuko mrefu, kwani mzizi wake mkuu huteremka upesi kabla mche haujarefuka juu. Uhamishwe shambani mvua za masika zianzapo, na ukingwe na mbuzi miaka ya mwanzo. Wadhamini wa misikiti, madrasa na makaburi wenye ardhi ya wakfu isiyotumika wanaweza kutenga pembe moja kwa miche michache, kwa nia ya wakfu kamili: mbao za msikiti wa watu ambao hawajazaliwa.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa Mwislamu apandapo mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa sadaka yake. Na akatufunza kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mbambakofi wafaa sana kwa mafunzo hayo, kwa sababu aupandaye hatarajii kuuvuna. Milango tunayofungua kila asubuhi imetoka kwenye miti ambayo hatukuipanda. Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe kizazi kilichoimaliza. Amin.