Je, Wajua? Ukoo Wako Una Mlango Gani

Je, wajua kwamba tangu mwaka 1967 sensa ya Tanzania haijamuuliza mtu kabila lake? Mzanaki, Mjita au Mkwaya wa Mkoa wa Mara anayetafuta asili yake leo hana daftari la serikali la kufungua. Ana wazee wake, na wazee hawatusubiri.

Je, wajua kwamba lugha nyingi za Mara huweka Bu- pale Kiswahili kinapoweka U-? Ndipo tunapata Buzanaki, Bukwaya, Bukuria. Kwa sarufi hiyohiyo Buswahili, kata ya Wilaya ya Butiama, ni nchi ya Waswahili, ingawa mwambao wa pwani uko mbali kabisa. Ukiwa mwenyeji wa hapo, anza na swali hili: nani aliitwa Mswahili, na nani alimwita?

Je, wajua kwamba Wazanaki hawakuwa na chifu kabla ya Wajerumani? Mambo yaliamuliwa na marika ya wazee na wenye kuleta mvua. Uchifu uliletwa na wakoloni, na Serikali ya Tanganyika huru ikaufuta mwaka 1963. Kwa hiyo babu yako akitajwa kuwa "mtu wa chifu fulani", hilo ni jina la utawala. Ukoo wake ulikuwa jambo jingine, tena la zamani zaidi.

Je, wajua kwamba Nyerere ni jina la viwavi? Baba yake Mwalimu Julius Nyerere, Burito, alizaliwa karibu mwaka 1860 viwavi walipovamia nchi, akapewa jina hilo. Mwanawe aliyezaliwa Aprili 13, 1922 siku ya mvua akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Majina ya Mara ni kalenda: yanataja njaa, mvua, wadudu, safari. Kabla hujasema hujui babu yako alizaliwa lini, muulize shangazi maana ya jina la babu huyo.

Je, wajua kwamba Waikizu hueleza mwanzo wao kwa mwanamke na mwanamume waliotoka pande mbili? Nyakinywa alitoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na uwezo wa mvua. Isamongo alikuwa mwindaji wa milima ya huku, mwenye moto. Walishindana, wakapatana, nchi ikazaliwa. Sijapata simulizi la asili linalonigusa kuliko hili, kwa sababu halimtafuti babu mmoja mwenye damu safi. Linaanza na mgeni anayepokewa.

Na wageni walikuwa wengi. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe Afrika Mashariki, njaa ikafuata, na watu wa Mara wakaenda Usukuma kutafuta chakula. Wengine waliacha watoto huko ili nyumba zisife. Huenda jamaa yako wa damu leo anaitwa Msukuma.

Je, wajua nyumba ntobhu? Kwa Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakahesabiwa wa nyumba yake. Vipimo vya vinasaba havitakuonyesha bibi wa namna hiyo. Mji wake utakuonyesha.

Je, wajua kwamba Marekani na Kanada kuna watu waitwao Wabanaki, jina ambalo sikio la Mara lingedhani ni la jirani? Maana yake ni watu wa nchi ya mapambazuko, na Waabenaki ni sehemu yao. Jimbo la Vermont lilitambua makundi manne ya Waabenaki mwaka 2011 na 2012, lakini Waabenaki wa Odanak, Quebec, wanayapinga: wanataka kuona nasaba. Kule hoja inafika kwa wabunge. Huku anayekuhoji ni bibi kizee mlangoni: ukoo gani, mwiko wenu mnyama gani, babu yako alikuwa Saai au Chuma? Hizo ni pande mbili za marika, na mtoto hufuata upande wa baba yake. Ukijibu, unapewa kigoda.

Mlango wenyewe ni neno la nasaba. Wakuria huita tawi la ukoo ekehita, yaani lango, na kamusi za Kiswahili nazo zina mlango kwa maana ya ukoo.

Je, wajua Mwitongo ni nini? Itongo ni hame, mahali palipokuwa mji wa watu waliotangulia. Mwitongo, Butiama, ndipo alipozikwa Mwalimu Oktoba 23, 1999, karibu na wazazi wake. Lakini kila ukoo una itongo lake. Mwombe mzee akupeleke asubuhi, jua halijawa kali. Atakuonyesha mawe ya kusagia yaliyozama nusu, atakutajia aliyekuwa akisagia hapo, na jina la mama yake. Hapo toa kalamu.