Saa Sita Tunageuka

Marehemu baba alikuwa akituhadithia, tukiwa wadogo Unguja, kwamba babu yake alishuka Jabal Akhdar kwa miguu nyuma ya punda, akapita Birkat al-Mawz, akaenda zake pwani kutafuta jahazi la Zanzibar. Hakurudi tena. Njia yenyewe ni Wadi al-Muaydin, korongo linaloingia mlimani hapo hapo Birkat al-Mawz, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Muscat. Nimeishi Muscat miaka 19 na sikuwahi kutia mguu humo. Desemba iliyopita nikasema basi, tunapanda.

Tulikuwa wanne: mimi, mwanangu wa miaka 16, mpwa wangu anayesoma Uingereza aliyekuja likizo, na binamu yake marehemu baba. Mimi namwita Ami, vijana wanamwita Babu. Ana miaka 68, alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana miaka ya 1970, na korongo hilo analijua kama ua wa nyumba yake.

Jina la mji maana yake ni birika la ndizi, na migomba kweli ipo, chini ya mitende. Maji yanatoka Falaj al-Khatmayn, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Chimbuko lake ni chini ya changarawe za wadi hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiendea.

Ami alitaka tuanze alfajiri baada ya sala. Kwa kulala, chai na kutafuta viatu, tukaanza saa 1:30 asubuhi. Hakusema kitu. Alitazama saa tu, kisha akatuambia, "Saa 6 adhuhuri, popote tulipo, tunageuka." Tukaitikia kama watu wanaoitikia salamu.

Mwanzo ni mawe matupu: mengine kama nazi, mengine kama daladala. Unaruka, unazunguka, unapenya. Kuta za jabali zinapanda pande zote mbili hadi mbingu inabaki ukanda. Kisha njia ya zamani inaacha kitanda cha wadi na kupanda ubavuni. Kuna mahali wazee walipanga mawe yakawa ngazi kwa ajili ya punda, na mahali pengine ngazi imeporomoka ikabaki kokoto. Unakanyaga, jiwe linateleza, unashika mwamba kwa mikono. Kutoka mjini hadi vijiji vya juu ni mpando wa zaidi ya mita 1,000. Kabla ya barabara ya lami, watu walibeba makomamanga na marashi ya waridi njia hii kwenda sokoni.

Ilipofika saa 6 tuliona ukingo wa juu, na matuta ya mashamba yamening'inia kama rafu. Mwanangu akasema, "Mama, tumefika, saa moja tu." Mpwa wangu akaongeza, "Shangazi, naondoka keshokutwa."

Nikiri jambo: aliyetaka kuendelea zaidi ni mimi. Baba alikufa bila kuyaona matuta yale. Nikamwomba Ami saa moja tu. Akaniuliza, "Magoti ya kushukia unayo?" Nikasema ninayo. Akamtazama mpwa wangu. "Na huyu?"

Ndipo nikamwangalia kijana vizuri. Midomo ilikuwa mikavu, mapaja yanatetemeka. Nikamwuliza maji yako wapi. Akainamisha kichwa: chupa mbili aliziacha garini, mkoba ulikuwa mzito, akaona haya kusema. Tukakaa kivulini, tukamgawia maji na tende na chumvi kidogo, kisha tukageuka.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Goti lake likaanza kuuma, na kwenye kokoto akashuka kwa makalio, mwanangu mbele, Ami nyuma. Simu haikushika mtandao kwa saa nyingi. Jua lilizama tungali kwenye mawe makubwa, na tulifika garini kwa taa za simu. Saa moja niliyoiomba ingetuweka gizani pale juu, penye kokoto. Usiku ule nililiwaza hilo, na sikupata usingizi haraka.

Msomaji unayepanga kuwatoa watoto milimani, haya ndiyo niliyojifunza:

Angalia utabiri wa hali ya hewa ya milima yote, si ya pale unapoegesha gari. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, nawe chini ukaona jua, kisha maji yakaja kwa kasi. Wingu likikusanyika juu, usiingie wadini.

Kagua mikoba ya vijana mwenyewe. Sisi sasa tunabeba lita 4 kila mtu.

Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mmepita wapi na mtarudi saa ngapi. Namba ya dharura Oman ni 9999, lakini korongoni simu inaweza kukosa mtandao.

Pangeni saa ya kugeuka mkiwa bado chini. Ukifika juu, moyo utakudanganya.

Kesho yake tulipanda kwa gari la 4x4, maana kwenye kizuizi cha polisi gari la kawaida haliruhusiwi. Tulisimama ukingoni, kijiji cha al-Ayn, tukachungulia korongo. Mpwa wangu, goti limefungwa bandeji, alitafuta mahali tulipogeukia. Ami akamwonyesha kwa fimbo. Hapakuwa karibu kama tulivyodhani.

Kijana amekwisha kukata tiketi ya Desemba ijayo. Ami amekubali kutuongoza, kwa sharti kwamba usiku wa safari tulale kwake Birkat al-Mawz, na atatuamsha mwenyewe.