Kumfundisha Mbwa Kwenda na Kamba Bila Kuvuta

Mazungumzo yetu ni juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, tena la mchezo: kumzoeza mbwa kufuatana na mtu kwa kamba, kamba ikiwa imelegea, pasipo kuvutana. Nitaeleza kwanza kwa nini jambo hili si la mchezo, kisha sababu zinazomfanya mbwa avute, na mwisho njia ya kumfundisha hatua kwa hatua. Njia yenyewe haina gharama kubwa, ila yataka saburi.

Fikirini siku ya chanjo ya mbwa kijijini. Mbiu imekwisha kupigwa tangu juzi, bwana mifugo amefika, na sanduku lake la barafu liko chini ya mwembe. Watu waja na mbwa wao. Mmoja amemfunga wake kwa waya. Mwingine kwa kamba ya mgomba. Wa tatu aburutwa na mbwa wake mpaka viatu vyamtoka. Mbwa wanakabwa shingo, wanabweka, wanataka kuumana. Mara mmoja mwenye nguvu akata kamba na kukimbilia porini, na mwenyewe asema, "Basi, tutaonana mwaka ujao." Tena wako wengine ambao hawakuja kabisa, maana walijua tangu nyumbani kwamba mbwa wao hawashikiki.

Lakini mwaka ujao waweza kuwa mbali mno. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, ni nadra sana apone. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba kiasi cha watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, walio wengi wakiwa katika Afrika na Asia, na karibu 99 katika kila 100 huambukizwa na mbwa. Katika watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kiasi cha 40 katika kila 100 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Hata hivyo, dawa ya kuzuia iko. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali pamoja, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka kwa mbwa huyu hata yule, nao hufifia. Basi mbwa asiyeweza kuongozwa kwa kamba ni mbwa asiyefika penye sindano; na mbwa asiyefika penye sindano ni hatari kwa watoto wa mji wote, si wa mwenyewe peke yake.

Sasa, kwa nini mbwa huvuta? Wengi husema, "Ni ukaidi wake." Sivyo. Ziko sababu nne.

Ya kwanza ni mwendo. Mbwa ana miguu minne, na mwendo wake wa kawaida ni mwepesi kuliko wa mtu. Kwake yeye, sisi ndio tunaojikokota. Ya pili ni pua. Njia ambayo sisi twaiona tupu, kwake imejaa habari: hapa amepita paka, pale mbwa wa jirani ameacha mkojo, kule kuna mfupa. Kila harufu yamwita. Ya tatu ni tabia ya mwili. Mbwa akivutwa nyuma, aghalabu hukaza mwili na kusukuma mbele, kama vile mtu anavyojizuia akivutwa mkono na asiyemjua. Kwa hiyo kadiri umvutavyo, ndivyo naye avutavyo.

Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kwamfaa. Avuta kuelekea kichakani, nawe wamfuata. Amekwisha kufika alikotaka. Amejifunza somo, na mwalimu wa somo hilo ni wewe. Mwaka wa 1898, mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Edward Thorndike, alitangaza habari za majaribio yake ya kuwatia paka wenye njaa katika masanduku yenye komeo ambalo mnyama angeweza kulifungua. Mwanzo paka walikwaruza huku na huku pasipo mpango. Lakini tendo lililofungua mlango na kuwapatia chakula lilibaki, na matendo yasiyofaa kitu yakaachwa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kanuni: tendo linaloleta faida hurudiwa, na tendo lisilo na faida hufa. Mbwa naye ni vivyo hivyo.

Tena angalieni neno hili. Mvuvi hapati samaki kila atupapo ndoana, walakini haachi kuitupa, maana ajua huenda mara hii akapata. Ukimkataza mbwa kuvuta siku tisa, na siku ya kumi ukamwachilia kwa kuwa una haraka, umemfanya mvuvi. Atajua kwamba kuvuta kwafaa mara moja moja, naye atavuta kwa bidii zaidi. Kwa sababu hiyo kanuni iwe moja kila siku, na watu wote wa nyumba waishike, baba, mama na watoto.

Tuje sasa kwenye vifaa. Tafuta ukanda wa shingoni ulio mpana, wa ngozi au wa kitambaa kinene kilichoshonwa. Uwe wa kumkaa vizuri, hata vidole viwili viweze kupita kati ya ukanda na shingo. Usitumie waya, wala uzi mwembamba, wala kitanzi kinachojikaza. Vitu hivi hukata ngozi na kuumiza koo. Kamba iwe na urefu wa meta mbili hivi. Ikiwa ni ya katani, zungushia kitambaa mahali pa kushikia ili isikuchune. Wala usiizungushe kamba mkononi mara nyingi. Mbwa akiruka ghafula, vidole vyaweza kuvunjika. Mbwa mwenye nguvu asishikwe na mtoto mdogo.

Kisha tengeneza tuzo. Tuzo ni chakula kidogo sana ambacho mbwa akipenda: vipande vya dagaa, au vya maini yaliyochemshwa, au donge la ugali lililochovywa katika mchuzi usio na vitunguu, kwa maana vitunguu humdhuru mbwa. Kila kipande kiwe kama punje ya haragwe. Toa vipande hivyo katika posho yake ya siku hiyo, nawe hutapata hasara. Mfundishe kabla hajala, kwa kuwa aliyeshiba hana haja ya ujira.

Somo la kwanza hufanyika nyumbani pasipo kamba. Mvike ukanda wakati wa kula, umvue baadaye, siku tatu au nne, mpaka asiujali. Kisha mwite jina lake uani. Akija na kusimama kando ya mguu wako, sema neno moja, "Vema!", na mara hiyo hiyo mpe tuzo. Neno na tuzo vifuatane upesi, kabla hujahesabu mbili. Ukichelewa, mbwa hatajua alipwa kwa tendo gani. Piga hatua moja, akikufuata, "Vema!", na tuzo. Kisha hatua tatu, kisha kumi. Tuzo itolewe kando ya mguu wako daima, si mbele, maana mbwa hupapenda mahali anapolipwa.

Wako ndugu zetu Waislamu wafugao mbwa kwa kulinda mazizi na mashamba, nao hujiepusha na mate ya mbwa. Hao nao waweza kufuata njia hii bila taabu: badala ya kumpa mkononi, wadondoshe tuzo chini, karibu na mguu. Mbwa atajifunza sawasawa.

Somo la pili ni la kamba, nalo ndilo moyo wa kazi yote. Funga kamba kwenye ukanda, uanze kutembea uani. Kamba ining'inie katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Maadamu imelegea, endelea, na kila hatua chache sema "Vema!" na kutoa tuzo. Mara ikikazwa, simama kama mti. Usimvute, usimkemee, usiseme neno. Ngoja. Mbwa atavuta, atashangaa, na baada ya kitambo atageuka kukutazama au atarudi hatua moja. Kamba italegea. Papo hapo sema "Vema!", mpe tuzo kando ya mguu, na uendelee. Hivyo atatambua kwamba kamba iliyokazwa husimamisha safari, na kamba iliyolegea huiendesha. Siku ya kwanza huenda dakika kumi zikaisha nanyi hamjafika mlango wa ua. Usikate tamaa. Bandu bandu huisha gogo.

Ikiwa mbwa wako ni wa kukaza kabisa, asiyegeuka hata ukingoje, tumia hila ya pili: geuka taratibu uende upande mwingine, huku ukimwita kwa sauti ya furaha. Akikufikia, mlipe. Baada ya kugeuka mara kadha wa kadha, atazoea kukuangalia, maana hajui utaelekea wapi.

Somo la tatu ni la vishawishi. Mbwa anayetii uani aweza kusahau yote akiona mbuzi. Basi anzia mbali. Simama mahali ambapo mbwa awaona mbuzi lakini bado aweza kula tuzo na kukusikia. Akitulia, mlipe, sogea kidogo. Akianza kukaza kamba au kukataa chakula, umekaribia mno, rudi nyuma. Kesho sogea tena. Hivyo hivyo kwa kuku, kwa mbwa wengine, na kwa njia ya sokoni. Hata harufu yaweza kuwa ujira: akitembea vizuri mpaka kwenye kichaka, mwambie "Haya, nusa!", umwache anuse. Alichokuwa akikipata kwa kuvuta, sasa akipata kwa adabu.

Kila somo liwe la dakika tano mpaka kumi, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni wakati wa baridi. Mtoto wa mbwa hujifunza upesi, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; lakini mbwa mzima naye hujifunza, ila achukua majuma mengi zaidi, kwa kuwa ana mazoea ya zamani ya kuacha.

Labda mtu ataniuliza, "Kwa nini nisimpige tu, akaacha?" Nitamjibu hivi. Fimbo humwambia mbwa kwamba kuna maumivu, haimwambii afanye nini. Akipigwa wakati anapomtazama mtoto apitaye, aweza kudhani kwamba mtoto ndiye aliyemletea maumivu. Na mbwa mwenye hofu ndiye aumaye kwa urahisi. Kumkutua kwa kamba nako huumiza koo lake. Wataka mbwa akufuate kwa kuwa karibu nawe pana heri, si kwa kuwa mbali nawe pana fimbo.

Mwenye shaka juu ya njia ya tuzo na atazame Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Hawapigwi. Husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Tena wakiwa kazini hufungwa mkanda mdogo na kwenda kwa kamba. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia, na mwaka wa 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Ikiwa panya aweza kufundishwa kazi hiyo kwa ndizi, mbwa hashindwi kutembea kando ya mguu kwa dagaa.

Mwisho, turudi kwenye chanjo. Yapasa kuanza mafundisho majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, si asubuhi ile. Katika masomo, mzoeze mbwa kushikwa bega na mgongo, akilipwa kila mara. Siku ikifika, nenda mapema kabla ya msongamano, kaa mbali na mbwa wengine mpaka zamu yako, uwe na tuzo mfukoni. Walete pia watoto wa mbwa, wala usiipoteze hati ya chanjo.

Na ninyi wanafunzi, shikeni neno hili hata kama hamna mbwa nyumbani. Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akapate sindano. Asingoje kuona kama ataugua. Wala mtoto asifiche habari kwa kuogopa kugombezwa. Naye mzazi asimgombeze aliyesema kweli.

Kamba na vipande vya dagaa ni vitu vidogo. Lakini mbwa aendaye kwa utulivu hufika chini ya mwembe, huchanjwa, na hurudi nyumbani kulinda mji bila kuuletea msiba. Anzeni jioni ya leo, hatua moja uani. Kwaherini.