Siku Moja Malta: Walikopa au Tulikopa?

Muhula uliopita, katika mdahalo wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama akasema ati Kiswahili si lugha bali ni Kiarabu kilichochanganywa. Watu wakapiga makofi! Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa pili, na kusema kweli nilikwama. Jibu nilikuja kulipata nyumbani, kwa mjomba wangu ambaye ni dobi katika meli ya watalii na alikuwa amekuja likizo.

Kwanza niwaeleze jinsi siku ya nchi kavu inavyokuwa. Meli hufunga gati asubuhi, abiria wakashuka kutembea, na jioni ikaondoka. Wafanyakazi nao hushuka, ila si wote kwa pamoja, maana lazima baadhi wabaki kwa ajili ya usalama kama moto ukizuka. Saa ya kurudi ya wafanyakazi hutangulia ya abiria. Ukichelewa, meli haikungoji, nawe utajijua jinsi ya kuifuata bandari inayofuata. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Siku hiyo mjomba alipewa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, Valletta, mji mkuu wa Malta.

Malta ni visiwa vidogo kusini mwa Sicily, vyenye kilomita 316 za mraba tu na visivyo na mto hata mmoja. Wanaosoma dini watakumbuka kuwa ndiko Mtume Paulo alikovunjikiwa na jahazi. Biblia yetu hukiita kisiwa hicho Melita. Valletta yenyewe ilianza kujengwa mwaka wa 1566 na wale Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, baada ya kuzingirwa na Waturuki mwaka wa 1565. Mjomba ni mtu wa Mombasa, na alipoziona zile kuta alidhani ni ndugu za Fort Jesus. Hakukosea sana. Aliyeichora Valletta alikuwa Mwitaliano, Francesco Laparelli, na aliyeichora Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 alikuwa Mwitaliano vilevile, Giovanni Battista Cairati.

Basi mjomba akapanda basi hadi Mdina, mji mkuu wa zamani. Huko vichochoro ni vyembamba, wakazi hawafiki 300, na magari karibu hakuna. Jina lenyewe ni la Kiarabu, yaani mji. Waarabu walikitwaa kisiwa mwaka wa 870, na ingawa utawala wao ulikwisha zamani, lugha ilibaki. Mlangoni mwa duka aliona kibao kimeandikwa "Merħba". Alikuwa karibu kutazama nyuma aone ni nani aliyemwamkia shikamoo! Kumbe kwao maana yake ni karibu.

Saa sita kamili alikuwa amerudi Valletta, kwenye bustani ya Upper Barrakka, ambapo mzinga hulipuliwa kila adhuhuri. Akashtuka, akacheka, akaenda kununua pastizzi. Hizi ni kama sambusa za unga mwepesi, ndani mna jibini au minji. Aliagiza tisa apelekee wenzake. Mama muuzaji akawa anazihesabu kwa sauti akizitia mfukoni, na mjomba hakuelewa kitu mpaka aliposikia: "Sitta, sebgħa..." Akatega sikio. "Tmienja" ikampita. Kisha "disgħa", na mfuko ukafungwa.

Sasa hapo ndipo palipo na jibu langu. Sita, saba na tisa tulizikopa kwa Waarabu, ndiyo. Lakini moja hadi tano, na nane, ni zetu za Kibantu, ndiyo maana mjomba alipotea. Kimalta nacho hakikuikopa ile sitta. Ni ya asili yake, kwa sababu Kimalta ni mtoto wa Kiarabu hasa. Walichokopa wao ni Kiitaliano, tena kwa wingi, na huandikwa kwa herufi kama zetu. Wamalta wengi ni Wakatoliki, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan, kutokana na Ramadhani. Sijasikia mtu akisema Kimalta ni Kiitaliano kilichochanganywa. Tangu mwaka wa 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya.

Chukua neno kitabu. Mmalta husema ktieb, na vikiwa vingi ni kotba, kama Mwarabu asemavyo kutub. Sisi je? Tumelichukua neno la watu tukalitia katika ngeli ya KI-VI, tukasema vitabu, kama viti na vikombe! Mwarabu akisikia "vitabu vyangu viwili vimepotea" atabaki ameduwaa. Neno ni la mgeni lakini sarufi ni ya mwenye nyumba.

Mjomba alitaka pia kuona ule mchoro wa Caravaggio wa mwaka wa 1608 katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, lakini foleni ilikuwa ndefu, si mchezo. Akateremka kwa lifti ya mita 58 inayotoka bustanini hadi karibu na bandari, akafika melini dakika kumi kabla ya saa yake. Pastizzi zilikwisha kabla kamba hazijafunguliwa.

Mdahalo wa marudiano ni muhula ujao. Hoja yangu ya kwanza nimeshaiandika: sitta, sebgħa, tmienja, disgħa.