Maji ya Bwawa la Masinga: Kwa Nini Hupanda na Kushuka

Mtu aendaye kupumzika kando ya bwawa la Masinga, katika Machakos, huenda akashangaa kuona kwamba mahali alipopandia mashua safari iliyopita pamekuwa nchi kavu, na maji yamekwenda mbali.

Sababu ni kwamba bwawa hili la Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, ni ghala. Mkulima hujaza ghala wakati wa mavuno, akalipunguza wakati wa upungufu. Vivyo hivyo Masinga hupokea maji ya mvua za masika na vuli, na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, ili mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, iliyo chini yake mtoni, isikose maji. Likijaa, maji hufika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Katika ukame wa mwaka 2009 yalipungua hata mtambo wa Masinga wenyewe ukafungwa; mwaka 2018 yalifurika.

Basi yafaa kila mgeni awaulize wenyeji hali ya maji kabla ya kushuka ufukoni. Maji yapunguapo, tope laini huweza kumnasa mtu, na mawe yaliyofichika huweza kutoboa mashua. Asiogelee, kwa maana mamba na viboko wamo majira yote. Nao wakaao kando ya Tana, hata Garissa, wasikiapo onyo kwamba mabwawa yamejaa, wahamie juu mara moja pamoja na mifugo yao.